Viraka Vina Bei: Tuliyojifunza Kwenye Maonyesho ya Ushonaji



Wengi wenu mnakumbuka ile habari ya vitambaa vya makochi. Ofisi yetu ndiyo iliyowahimiza kina mama wa vikundi vitatu wadarizi vitambaa vya kufunika makochi na meza. Wakafanya kazi hiyo miezi mitano, wakajaza masanduku mawili. Tulipovipeleka sokoni tukakuta kila kikundi kimeshona vile vile, maua yale yale, rangi zile zile. Vingine viko stoo mpaka leo. Kosa hilo lilikuwa letu sisi wa ofisi, kwa maana tuliwafundisha kushona kabla ya kuuliza ni nani atakayenunua.

Kwa hivyo safari hii tuliamua kwenda kuangalia kwanza. Tuliandamana na kina mama sita na kijana mmoja fundi wa nguo, tukaenda maonyesho ya biashara ya Nairobi pale Jamhuri Park, ambayo wengi wetu tunayaita tu "Shoo". Tulizunguka siku mbili kwenye mabanda ya nguo, cherehani na kazi za mikono. Haya ndiyo tuliyoyaona, pamoja na mengine tunayoyajua kuhusu kazi hii katika nchi nyingine.

Mama mwenyekiti na blanketi la viraka

Tuanze na jambo lililotugusa zaidi. Katika banda moja kulikuwa na blanketi la viraka limetundikwa ukutani. Watu wa pwani huliita mfarishi: kitambaa cha juu kilichounganishwa kwa vipande vipande, kitambaa kingine chini, na katikati kitu cha kuleta joto, kisha vyote vitatu vinashonwa pamoja. Karatasi ya bei ilisema shilingi 6,500.

Mama mwenyekiti wa kikundi kimoja alilishika, akaligeuza nyuma, akaangalia mshono. Halafu akatuambia polepole, "Hili ni kama langu. Mimi niliuza shilingi 1,500." Hakuongea tena mpaka wakati wa chakula.

Je, yule mwenye banda ni mwizi? Au mama yetu alidanganywa? Tutalirudia swali hili mbele, kwa sababu ndilo lililotupa somo kubwa kuliko cherehani zote tulizoziona.

Mambo mapya manne

La kwanza: viraka si aibu tena. Zamani kiraka kilikuwa dalili ya umaskini, na mtu alikificha. Siku hizi wanunuzi wengi wa mjini na wa ng'ambo wanakitafuta kiraka kinachoonekana. Sababu yao ni kwamba nguo nyingi zinatupwa duniani, na wanapenda kitu kilichotengenezwa kwa kitambaa kilichokwisha kutumika.

Jambo hili lina mizizi ya zamani. Wakulima maskini wa Japani walikuwa wakiziba nguo zao za rangi ya nili kwa kiraka juu ya kiraka, na nguo hizo, ziitwazo boro, leo zinawekwa kwenye makumbusho. Kina mama wa Bangladesh na wa Bengali ya India hupanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka, wakazishona kwa mshono mdogo wa kunyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kazi hiyo huitwa kantha. Haihitaji pamba ya katikati wala cherehani, ni sindano na uzi tu. Tulipowaeleza kina mama wetu habari hiyo, mmoja akasema, "Kumbe hata leso zangu zilizochakaa zingefanya hivyo!" Amesema kweli. Leso ni pamba, ni laini, na pindo zake zina urembo wa kutosha.

La pili: vipande vilivyokatwa tayari. Katika nchi kama Marekani na Uingereza wapo watu wengi wanaoshona mifarishi kama burudani. Wana maonyesho yao makubwa, kwa mfano ya Houston huko Texas, na ya Birmingham huko Uingereza yaliyoanza mwaka 2003. Watu hawa hununua vitambaa vilivyokwisha kukatwa kwa kipimo kimoja: mikanda ya inchi mbili na nusu, au miraba ya inchi 5 au inchi 10, imefungwa pamoja kwa rangi zinazoelewana. Sasa fikiri: kila fundi wa soko letu ana gunia la masalio ya kitenge ambalo hulichoma au hulitupa. Kikundi kinaweza kuyachagua masalio hayo, kuyafua, kuyapiga pasi, kuyakata sawasawa na kuyafunga. Hiyo ni kazi hata ya mama asiye na cherehani.

La tatu: mikoba na vitu vidogo. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, mkoba wa kitambaa umekuwa kitu cha kila siku. Tuliona mikoba ya viraka, vishikio vya sufuria, vifuko vya kalamu na vya simu, na aproni za jikoni. Mtu anayeogopa kutoa maelfu kwa mfarishi hatasita kutoa shilingi mia tatu kwa kifuko. Tena kitu kidogo kinamalizika kwa siku moja, pesa inarudi upesi.

La nne: mifarishi ya ukumbusho. Wapo watu wanaoleta nguo za marehemu wao, au sare za shule za mtoto aliyemaliza, washonewe blanketi la kukumbuka. Mfarishi wa ukumbusho unaojulikana zaidi duniani ulianzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 1987, kuwakumbuka waliokufa kwa Ukimwi. Kila jamaa alishona kipande cha futi 3 kwa futi 6, kipimo cha kaburi. Hatuhitaji kuwaeleza zaidi, maana kila kijiji chetu kina majina yake. Kazi ya namna hii huagizwa kabla ya kushonwa, kwa hivyo haikai stoo. Lakini inataka uaminifu: ukiharibu koti la marehemu baba wa mtu, huwezi kununua lingine.

Cherehani za stima: tusikimbilie

Vijana wengi walikusanyika penye cherehani za kompyuta zinazodarizi zenyewe. Ni za ajabu kweli. Hata hivyo tunawaomba mjiulize mambo matatu kabla ya kuingia mkopo. Je, stima yenu haipotei? Fundi wa kuitengeneza ikiharibika yuko wapi? Na oda mlizo nazo sasa zinajaza saa ngapi za mashine kwa wiki? Tunakijua kikundi kimoja kilichonunua mashine kubwa kwa mkopo, leo kinalipa kila mwezi na mashine imefunikwa shuka.

Kama ni lazima mnunue mashine ya stima, kuna aina mbili za mota. Ile ya zamani hunguruma na kula stima wakati wote, hata ukiwa unapanga kitambaa. Ile mpya, iitwayo servo, huzunguka unapokanyaga tu, kwa hivyo bili ni ndogo na kelele hakuna. Uliza kwanza ni ipi. Lakini cherehani ya kukanyaga kwa miguu bado inatosha kabisa kwa kazi ya viraka. Ipake mafuta, na ubadilishe sindano mara kwa mara: namba 14 kwa kitenge na shuka, namba 16 kwa jinzi na vitambaa vizito.

Kanuni za kiraka kisichofumuka

Mwenye banda lile alituonyesha kwa nini kazi yake ni nzuri, na tunamshukuru kwa kutoficha.

Kwanza, usichanganye pamba na nailoni au poliesta, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa na vile vingine havirudi, kisha blanketi linakunjamana. Ukitaka kujua kitambaa ni nini, choma uzi wake kidogo juu ya sahani, mbali na nguo na watoto. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Pili, fua kila kitambaa kabla ya kukata. Tatu, kata kwa kigezo cha katibodi ngumu, si kwa macho. Nne, weka mshono wa robo inchi kila mahali, bila kuzidisha wala kupunguza. Kosa dogo katika kila kiraka huwa kubwa viraka vikifika kumi. Haba na haba hujaza kibaba, na hata makosa ni hivyo hivyo.

Kwa mfano, kata miraba ya inchi sita na nusu. Ukiondoa robo inchi kila upande, unabaki na inchi 6 kamili. Miraba 10 kwa upana na 14 kwa urefu, jumla 140, inakupa blanketi la inchi 60 kwa 84, linalotosha kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita na kuning'inia kidogo pande zote.

Sasa turudi kwenye bei

Jioni ile tuliketi na mama mwenyekiti, tukachukua kalamu. Blanketi lake la shilingi 1,500 lilikuwa limemgharimu hivi: masalio ya fundi 200, shuka la chini 500, blanketi kuukuu la katikati 400, nyuzi na sindano 150, nauli 250. Jumlisha. Ni 1,500 kamili!

Halafu tukahesabu saa. Kukata na kupiga pasi saa 4, kuunganisha viraka saa 10, kushona tabaka pamoja saa 12, kukunja pindo na kumaliza saa 4. Jumla saa 30. Mama huyu alifanya kazi saa 30 akalipwa sifuri. Alidhani amepata 1,500 kwa sababu zile gharama alizitoa kidogo kidogo bila kuziandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuseme kikundi kinakubaliana kila saa ya kazi ni shilingi 60. Saa 30 ni 1,800. Ongeza vifaa 1,500, inakuwa 3,300. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya matengenezo ya cherehani na mfuko wa kikundi, yaani 330. Bei ya kikundi inakuwa shilingi 3,630. Chini ya hapo, mnamsaidia mnunuzi.

Na yule mwenye banda? Yeye hulipia nafasi, hukaa na mali ambayo huenda isiuzike, na hurudi na iliyobaki. Hatuwezi kumwita mwizi kwa kuongeza bei. Lakini pia hatuwezi kumpa blanketi kwa 1,500. Kabla ya kumuuzia mtu kama huyo, ni lazima tujue hesabu yetu wenyewe.

Mfano wa kina mama wa Alabama

Huko Alabama, Marekani, kuna mahali panapoitwa Gee's Bend, kwenye kona ya mto. Wakazi wake ni wajukuu wa watumwa waliolima pamba. Kina mama walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shamba ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 1966, kina mama wa eneo hilo na vijiji vya jirani walianzisha ushirika uitwao Freedom Quilting Bee, wakisaidiwa na kasisi Mwanglikana, Francis X. Walter. Mifarishi yao iliuzwa kwa mnada New York. Mwaka 1972 walipata mkataba na duka kubwa la Sears wa kushona foronya za kodrai, kazi iliyowapa mshahara wa kutegemea.

Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitoa kwenye stempu. Lakini ushirika wenyewe ulifungwa mwaka 2012. Sifa na soko ni vitu viwili, na vyote vinatakiwa kutunzwa. Kikundi kinachotegemea wazee peke yao, bila kuwafundisha vijana na bila kutafuta wanunuzi wapya, kitafika mwisho hata kama kazi yake imetundikwa ukutani.

Mama mwenyekiti amekwisha kuandika bei mpya kwenye daftari la kikundi. Mnunuzi wa kwanza alikataa, akaondoka. Wa pili alitoa oda ya mikoba 20 na akalipa nusu mbele. Tutawaeleza jinsi ilivyoendelea.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kitu tulichouza mwisho kilitumia saa ngapi za kazi? Ni nani aliyeziandika?
2. Masalio ya vitambaa ya mafundi wa soko letu huenda wapi? Ni nani ataenda kuwauliza?
3. Ni wanunuzi gani watatu tutakaowaonyesha sampuli moja kabla ya kushona kumi?
4. Ni kijana gani, wa kike au wa kiume, anayejifunza kazi hii kwetu sasa?

Mkijadiliana, katibu aandike majibu na kutuletea siku ya mkutano wa vikundi. Tukiwa na hesabu mikononi, safari ijayo hatutajaza stoo.