Kimya Kina Mshindo: Picha Iliyowagawa Watazamaji

Kimya kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Lakini hawakutwambia kama mtu aliyelipa kiingilio cha sinema ili atishwe atakuwa na subira ya kuungoja mshindo wenyewe. Hilo ndilo lililozua mzozo juu ya picha moja ya Uingereza iitwayo Enys Men. Wapo walioichoka njiani wakaguna kwamba wameibiwa wakati wao, na wapo waliokaa mpaka mwisho wakatoka kimya, nyoyo zimewajaa.

Jina hilo si la Kiingereza. Ni la lugha ya asili ya Cornwall, ile pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza iliyochomoza baharini, na maana yake ni Kisiwa cha Jiwe. Mwenye picha ni Mark Jenkin, mtu wa huko huko Cornwall. Yeye ndiye aliyeandika hadithi, akaongoza, akashika kamera, akaunganisha vipande na hata kutunga muziki. Ilionyeshwa mara ya kwanza huko Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2022, na ikaingia katika majumba ya sinema ya Uingereza Januari 2023.

Hadithi yenyewe, ikiwa yafaa kuitwa hadithi, ni hii. Mwaka ni 1973. Mwanamke mmoja, aliyeigizwa na Mary Woodvine, anaishi peke yake kisiwani. Kila siku huvaa koti lake jekundu, akaenda ukingoni mwa jabali kuangalia maua meupe machache na kupima joto la udongo. Akirudi hupita penye shimo la machimbo ya zamani, akatupa jiwe ndani, akatega sikio mpaka lisikike kufika chini. Kisha hurudi nyumbani, akawasha mtambo wa umeme, akateleka chai, akaandika daftarini tarehe na maneno haya: hakuna mabadiliko. Kesho yake ni hayo kwa hayo, na kesho kutwa vile vile.

Halafu mambo huanza kupinda kidogo kidogo. Ule mmea mkavu unaoganda juu ya mawe kama ukurutu unaota juu ya ua, kisha unaota katika kovu lililo mwilini mwake. Wachimbaji wa zamani wanaonekana gizani chini ya ardhi. Mabaharia waliozama wanasimama mbele yake. Jiwe refu lililosimama nje ya nyumba linakuwa kama lenye uhai. Mtazamaji haambiwi lipi ni ndoto, lipi ni kumbukumbu, na lipi limetokea kweli.

Walioikataa walisema jambo moja: hapana linalotokea. Wala si picha hii peke yake iliyopatwa na hayo. Picha ya Kimarekani The Witch, ya Robert Eggers, ilimpatia mwongozaji wake tuzo katika tamasha la Sundance mwaka 2015. Ilipofikishwa kwa umma mwezi Februari 2016, watazamaji wa kawaida walioulizwa mlangoni waliipa alama ya C ya chini, ambayo ni alama ya mtu aliyetoka amenuna. Mhakiki aliingia akitafuta sanaa, na mwenye tikiti aliingia akitafuta kuruka kitini. Tangazo liliwaahidi wote wawili kitisho, na kila mmoja akakifahamu kwa namna yake.

Nami nisiwadhulumu walionuna. Mimi ni mtu wa mashairi, na najua kuna malenga huficha uchache wa maana ndani ya wingi wa mafumbo. Polepole si hekima kwa kuwa ni polepole tu. Kuna picha zinazokwenda taratibu kwa sababu mwenyewe hana la kusema, na mtazamaji ana haki ya kuuliza, “Fumbo hili lina ufumbuzi, au ni mlango uliochorwa ukutani?”

Basi niliitazama nyumbani, pamoja na mpwa wangu wa miaka 20 aliyeileta katika kompyuta yake. Kando alikaa shangazi yangu akishona kofia. Kiingereza hakijui, lakini picha hii ina maneno machache mno, hata asiyejua lugha hapungukiwi na kitu. Nusu saa ikapita. Kijana akaanza kujinyoosha.

“Mjomba, mbona haianzi?” akaniuliza.

Kabla sijamjibu, shangazi akasema bila ya kuinua uso kwenye kofia yake, “Imeanza zamani, mjukuu wangu. Huyu mwana wa watu ana mtu wake baharini.”

“Umejuaje, Bibi? Hakuna aliyesema.”

“Hapana mtu anayekwenda pwani kila siku akarudi kwa ajili ya ua.”

Tukanyamaza sote. Mumewe shangazi, Mungu amrehemu, alipanda jahazi mimi nikiwa mtoto wa chuoni, wala halikurudi jahazi wala mtu. Haikuja maiti ikaoshwa, halikuchimbwa kaburi. Nakumbuka miaka mingi baadaye, kila lilipopita tanga alikuwa akisimama dirishani, kisha akarudi jikoni kwake. Laiti angekuwa na daftari, naye angaliandika yale yale: hakuna mabadiliko.

Waliosoma fikihi wanajua kuwa mume aliyepotea ana mlango wake katika vitabu. Wanazuoni wamehitilafiana mkewe angoje muda gani. Wapo waliosema angoje miaka 4 kisha akae eda, na wapo waliosema abaki katika ndoa yake mpaka kufa kwa mumewe kuthibitike. Hebu fikiri, msomaji, ni wazito kiasi gani wanawake hao waliosababisha mlango mzima uandikwe. Si wajane, na wala si wenye waume. Siku zao zafanana, na kila siku ina kitisho chake.

Cornwall nayo ni nchi ya kungoja namna hiyo. Usiku wa tarehe 19 Desemba 1981, mashua ya uokozi iitwayo Solomon Browne ilitoka kijiji cha Mousehole ikiwa na wanaume 8 wa kujitolea, kwenda kuwaokoa watu 8 waliokuwa katika meli Union Star iliyoharibika injini ndani ya tufani. Hakurudi hata mmoja. Wote 16 waliangamia. Na chini ya ardhi ni vivyo hivyo. Katika machimbo ya Levant, Oktoba 1919, mtambo uliokuwa ukiwapandisha wachimbaji ulikatika ukaua watu 31. Machimbo ya mwisho ya bati yalifungwa mwaka 1998, yakabaki mashimo na minara mitupu juu ya majabali. Mtu aliyezaliwa hapo akitengeneza picha ya kutisha, ana haja gani ya kwenda kuazima zimwi? Wafu wa baharini na wa shimoni wanamtosha.

Hata utengenezaji wake una subira hiyo. Jenkin alitumia kamera ya kizamani ya Bolex, inayotiwa ufunguo kama saa ya mezani. Ukiujaza mara moja haipigi hata nusu dakika, halafu sharti uujaze tena. Sauti haikunaswa papo hapo. Ilitiwa baadaye, ndiyo maana buli la chai na nyayo juu ya kokoto husikika karibu mno, kama mtu anayetembea chumbani mwako.

Wako watakaouliza kama inafaa Muislamu kukaa mbele ya picha ya mawe yaliyo hai na wafu wanaosimama. Swali hilo ni la haki, na kila mmoja na amuulize anayemwamini katika dini yake. Mimi nilichokiona si wito wa kuabudu jiwe. Nilimwona binadamu aliyeachwa peke yake na kumbukumbu asizoweza kuzizika. Hata hivyo, watoto wasiwekwe mbele yake. Wakubwa wenyewe imewashinda.

Na anayetaka kuitazama, nampa shauri moja. Asiende nayo akiwa na haraka ya kurudi, na asitafute mwizi wala muuaji. Afanye kama mwanamke yule penye shimo: atupe jiwe lake, kisha atege sikio. Wengi wa walionuna walilitupa jiwe, ila waliondoka kabla halijafika chini.

Mpwa wangu aliitazama mpaka mwisho. Ilipokwisha hakusema kama ni nzuri au mbaya. Alifunga kompyuta, akavuta kiti karibu na shangazi, akamwuliza jambo ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kumwuliza miaka yote hiyo: “Bibi, jahazi lile liliitwaje?”

Shangazi akaiweka kofia chini, akamtajia.