Bure ya Halali na Bure ya Hasara

Ndugu msomaji, huenda nyumbani mwako hamna kompyuta. Lakini simu ya kugusa yaweza kuwamo, ama yako mwenyewe, ama ya kijana wako aliye sekondari. Tena huenda katibu wa kigango chenu, au mwekahazina wa chama chenu cha kuweka na kukopa, anatumia kompyuta iliyonunuliwa kwa michango yenu. Basi maneno ya leo yakuhusu wewe pia, kwa kuwa jina lako na fedha yako vimeandikwa humo.

Simu na kompyuta ni mwili tu. Kinachozitia uhai ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mafundi ili chombo kijue la kufanya. Pasipo programu, kompyuta ni kama cherehani isiyo na sindano wala uzi. Programu nyingine huuzwa, tena kwa bei kubwa. Nyingine hutolewa bure kwa halali. Na nyingine ni za wizi, nazo pia watu huziita za bure. Kuzichanganya hizi mbili za mwisho ndiko kunakowaliza wengi. Sikilizeni kisa hiki.

MADAFTARI YA MIAKA MITATU

Chama chetu cha kuweka na kukopa kilinunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Tulifurahi sana. Mwekahazina wetu, mwalimu mstaafu, aliingiza humo hesabu zote: akiba, mikopo na marejesho. Kwa miaka mitatu aliendelea hivyo, na yale madaftari makubwa ya karatasi yakaachwa kabatini, hayakuandikwa tena.

Siku moja programu ya hesabu iliyokuwamo ikaanza kudai ilipiwe. Mwalimu akaibeba kompyuta mpaka mjini, kwa kijana mmoja anayetengeneza simu.

"Mzee wangu, usihangaike kulipa," kijana akamwambia. "Ninayo hapa ya bure. Nipe elfu kumi tu ya soda."

"Kweli ni ya bure, mwanangu?"

"Bure kabisa, mzee. Ila kwanza nitazima huu ulinzi wa virusi, maana unanisumbua."

Mwalimu akarudi nyumbani amefurahi, kwani alidhani ameokoa fedha ya chama. Siku ya tatu akafungua kompyuta. Kila faili lilikuwa limeongezwa mkia wa herufi za ajabu mwishoni mwa jina lake, na hakuna hata moja lililofunguka. Mahali pake palikuwa na barua ya Kiingereza, ikidai dola nyingi ili mafaili yafunguliwe. Na ile nakala aliyoiweka kwenye flashi nayo ilikuwa imefungwa vilevile, kwa sababu flashi ilikuwa imechomekwa kompyutani muda wote.

Tuliitwa mkutanoni, kila mtu na kijitabu chake. Wengi tuliweza kuonyesha akiba zetu. Lakini mama mmoja mjane kijitabu chake kilikuwa kimeloa katika mvua za masika, na wino wote umetoka. Alitaja fedha aliyokuwa ameweka kwa ada ya mwanawe. Wanachama wawili wakasema wao wanakumbuka ilikuwa pungufu. Tulikutana mara tatu kwa jambo hilo. Mwishowe tulimlipa kama alivyosema, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha vingine. Walakini mpaka leo wako wanaomtazama kwa shaka, naye anajua. Fedha ilipatikana. Jina jema la mama yule nani atalirudisha?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuliyaona kwa macho yetu.

ILE YA HALALI ILIKUWAPO

Jambo lililotuuma zaidi ni hili: programu ya hesabu ya bure, ya halali, isiyo na wizi wala kirusi, ilikuwapo siku zote. Yaitwa LibreOffice. Ndani yake imo Writer ya kuandikia barua, Calc ya kufanyia hesabu, na Impress ya kuonyeshea mafundisho ukutani. Hailipiwi leo, wala kesho, wala mwisho wa mwaka. Linganisheni na zile za kuuzwa: huko Marekani, tangu Januari 2025, mtu mmoja hulipa dola 99 na senti 99 kwa mwaka kutumia Microsoft 365, na mwaka ukiisha hulipa tena.

Mtauliza, "Mbona watu watoe bure kazi yao? Si kuna hila hapo?" Swali hilo ni la haki. Fikirini kisima cha kijiji kilichochimbwa kwa nguvu za wote. Mmoja alileta sururu, mwingine saruji, mwingine mikono yake, na sasa kila mtu anachota. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza mpango wa kutengeneza programu ambazo kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuzitumia, kuzichungulia ndani, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianzisha Linux kwa njia iyo hiyo. Nayo mnaitumia bila kujua, kwani simu zote za Android zina Linux ndani yake. Wanaozitunza programu hizi leo wengine ni watu wa kujitolea, na wengine hulipwa na makampuni yanayozihitaji kwa kazi zao wenyewe.

Tena jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Hiyo OpenOffice ndiyo mama aliyeizaa LibreOffice mwaka 2010.

Wala msidhani kwamba vitu hivi ni vya maskini tu. Mwezi wa Aprili 2024 serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein, huko Ujerumani, ilitangaza kwamba kompyuta zake zipatazo 30,000 zitahamia LibreOffice. Watu wale wana fedha, lakini hawakutaka kufungwa kamba na muuzaji mmoja.

NAMNA YA KUANZA

Programu hii hupatikana katika libreoffice.org. Ukubwa wake kwa kompyuta ya Windows haufiki megabaiti 400. Mtu mmoja akienda mjini penye intaneti nzuri aweza kuipakua mara moja, akaileta kwenye flashi, na kuiweka katika kompyuta za shule, za zahanati na za chama. Hajaiba, kwa maana waliyoitengeneza wamempa ruhusa. Hapo ndipo tofauti ilipo: kunakili programu ya kuuzwa ni wizi, kunakili hii ni ujirani mwema.

Mwekahazina na afanye hivi. Afungue Calc. Katika safu ya A aandike majina ya wanachama, na katika safu ya B akiba ya mwezi, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 41, kama wanachama ni arobaini. Chini yake aandike =SUM(B2:B41) na kubonyeza Enter. Jumla itatokea yenyewe. Akirekebisha akiba ya mtu mmoja, jumla nayo itajirekebisha. Na kama ofisi ya wilaya yataka faili la Excel, Calc yaweza kulihifadhi kwa namna hiyo.

Lakini programu nzuri haimwondolei mtu kazi ya kutunza. Wekeni nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, ya pili kwenye flashi inayochomolewa na kulazwa katika nyumba nyingine, ya tatu ya karatasi, iliyochapwa kila mwezi na kusomwa mbele ya wanachama. Kirusi hakiingii katika karatasi.

Kwa kompyuta ya zamani nalo lipo la kufanya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuitunza Windows 10, na kompyuta nyingi kuukuu hazikubali Windows 11. Msizitupe. Ipo Linux Mint, ya bure pia, yenye kuridhika na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora. Mpate mtu anayeijua awasaidie siku ya kwanza, na mafaili yote yanakiliwe pembeni kabla ya kuanza.

KWA SIMU ZA WATOTO NA ZA WAKULIMA

Wazazi hulalamika kwamba simu hula fedha ya vocha na kuwapotezea watoto muda. Basi wapeni cha kufaa. Ipo programu iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007. Kazi yake ni kubeba kamusi kubwa ya Wikipedia ndani ya simu yenyewe. Ukiisha kuipakua mara moja mahali penye intaneti, mtoto husoma kijijini bila kifurushi. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000, za jiografia, historia, wanyama na magonjwa. Wikipedia huandikwa na watu wengi, kwa hiyo mtoto alinganishe na kitabu cha shule na kumwuliza mwalimu.

Mkulima naye ana Nuru, iliyotengenezwa na watu wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, wakishirikiana na watafiti wa mihogo wa taasisi ya IITA. Ukielekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, hujaribu kutambua batobato na michirizi ya kahawia, tena hata pasipo intaneti. Husema Kiswahili. Nayo ni ya bure. Lakini yaweza kukosea, kama macho ya mtu yanavyokosea. Basi kabla ya kung'oa shamba zima, mwite bwana shamba alione.

MASWALI MATATU MLANGONI

Mgeni akibisha usiku, humfungulii kabla ya kumwuliza. Fanyeni hivyo kwa kila programu inayoitwa ya bure.

La kwanza: umetoka wapi? Programu ya halali huchukuliwa kwa mwenyewe, au katika duka la simu lililo rasmi kama Play Store. Ile inayorushwa kutoka simu hadi simu, au inayouzwa kichochoroni ikiwa imevunjwa kufuli, ikataeni. Hata katika duka rasmi tazameni jina la aliyeitengeneza, kwani waongo nao hujipenyeza humo.

La pili: wataka nini ndani ya nyumba yangu? Programu ya tochi ina haja gani ya kusoma majina ya jamaa zako na ujumbe wako? Angalieni hasa zile za mikopo ya haraka. Nyingine huchukua namba za watu wote waliomo simuni, na mkopaji akichelewa kulipa, hutuma maneno ya aibu kwa baba mkwe na kwa mwajiri. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za namna hiyo 69, zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Hizo nazo kuziweka simuni ni bure.

La tatu: mbona wataka nimfunge mbwa? Ndiyo, ulinzi wa virusi ni mbwa wa nyumba. Windows 10 na 11 zina mlinzi wake tayari, Microsoft Defender, naye halipiwi. Mtu akisema, "Zima kwanza ulinzi," fungasha kompyuta yako uondoke. Mwalimu wetu angelijua neno hili moja, yasingetupata yaliyotupata.

Nanyi vijana mnaotengeneza simu mjini, nina neno kwenu pia. Wazee wanawaamini kwa sababu hawajui. Elfu kumi mnayopokea kwa kuweka programu ya wizi mngeweza kuipokea kwa kuweka LibreOffice na kumwonyesha mzee namna ya kuitumia. Kazi ya mikono yenu ina haki ya malipo, na mzee angerudi tena kwa shukrani.

Ndugu msomaji, Jumapili hii ukikutana na mwekahazina wa chama chenu, mwulize maneno mawili bila ugomvi: "Programu tunayotumia tuliipata wapi? Na nakala ya karatasi iko nyumbani kwa nani?" Kama ana majibu, mshukuru, maana anawatunzia zaidi ya fedha. Kama hana, msimlaumu. Mpeni nauli ya kwenda mjini na flashi tupu, na mchague nyumba ya pili itakayolaza nakala. Sisi hatukumwuliza mwalimu wetu hata mara moja kwa miaka mitatu, na aliyelipa ni mama yule mjane.