Taya Lisilolala

Tulipokuwa wadogo kule Sirisia, Bungoma, tukilala wanne kwenye mkeka mmoja, ndugu yangu mdogo alikuwa anasaga meno. Sauti yenyewe ilikuwa ile ile ya jiwe la Kukhu, bibi yetu, la kusagia wimbi, ila jiwe la Kukhu lilikuwa na wimbi katikati. Kulipokucha, hukumu ilikuwa imeshatoka: mtoto ana minyoo. Akanyweshwa dawa, na usiku akasaga tena. Akanyweshwa nyingine.

Imani hiyo ingali hai, kuanzia Lwakhakha mpakani hadi Chwele na Kitale, na sishangai. Minyoo ipo kweli magharibi mwa Kenya. Mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa shuleni ulianza mwaka 2009, na mtoto akipewa, azimeze. Lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba minyoo ndiyo inayosagisha meno. Watoto wengi husaga, hasa meno ya utotoni yanapong'oka na mengine kuota, na wengi wao huacha wenyewe kabla ya kuwa watu wazima. Wa kuangaliwa ni yule anayeamka na maumivu ya taya au kichwa, anayekoroma sana au anayekatika pumzi usingizini. Huyo apelekwe hospitali.

Kwa mtu mzima mambo ni mengine, nami nimeyalipia gego zima. Miaka kadhaa iliyopita niliumwa upande wa kulia, maumivu yakipanda kutoka kwenye gego hadi sikioni na panjani. Katika zahanati moja niliambiwa jino limeoza ndani, ling'olewe. Likang'olewa. Kidonda kikapona, maumivu yakabaki pale pale. Bado nasikia uchungu nikipitisha ulimi kwenye lile pengo.

Daktari wa meno niliyemwona baadaye hakuanza na meno. Aliniambia niweke vidole mashavuni, juu kidogo ya pembe za taya, kisha nikaze meno. Hebu jaribu nawe unaposoma: utausikia msuli ukituna. Wangu ulikuwa mgumu kama kamba ya kufungia ng'ombe, na alipoubonyeza, maumivu niliyodhani ni ya gego yakaruka mpaka sikioni. Akanipa kioo. Kingo za ulimi wangu zilikuwa na mabonde madogo madogo, alama za meno. Ndani ya shavu palikuwa na mstari mweupe, na chonge zangu, ambazo zingepaswa kuchongoka, zilikuwa bapa.

"Mama, wewe unakaza meno," alisema. "Tena mchana na usiku."

Sikujua. Anayesaga usiku huambiwa na anayelala naye, na kwangu baba watoto alikuwa amelalamika mara nyingi nikidhani anatania. Anayekaza mchana hana wa kumwambia, maana kukaza hakuna sauti. Inabidi mtu ajichunguze mwenyewe asubuhi: taya limechoka hata kabla ya chai, kichwa kinagonga panjani, maji baridi yanachoma, kinywa kinafunguka kwa shida au taya linalia kila linapofunguka. Enameli, lile gamba la nje la jino, ni gumu kuliko mfupa, lakini ikishalika hairudi.

Hakuna chanzo kimoja. Usingizini, kusaga huja pale ubongo unapoamka kidogo bila mwenyewe kujua, na huwa kwenye familia fulani zaidi ya nyingine. Sigara, pombe na kahawa nyingi huchochea. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoxetine na sertraline, zinaweza pia kuleta hali hii. Ukiona hivyo mweleze daktari aliyekuandikia, usiziache ghafla.

Halafu kuna mawazo, nayo hukaza taya. Ukisimama Sirisia unauona Mlima Elgon. Mgogoro wa ardhi uliolipuka huko mwaka 2006, kundi la wanamgambo la SLDF likiua na kukata watu masikio, ukafuatwa na operesheni ya kijeshi ya Okoa Maisha iliyoanza Machi 2008, nayo ikaacha malalamiko ya mateso na watu kupotea. Maelfu walihama makwao. Tafiti za nchi nyingine juu ya watu waliopitia vita na mateso zimeonyesha kwamba kusaga meno na maumivu ya taya huwaandama zaidi. Ndiyo maana nikimwona mama aliyetoka Cheptais, huko mlimani, amejishika shavu kwenye foleni ya meno, natamani aulizwe analalaje kabla koleo halijatolewa.

Tiba yenyewe huanza na jambo lisilo na gharama. Mchana, midomo ikiwa imefungwa, meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana. Hugusana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Nilibandika karatasi ndogo nyekundu kwenye mlango wa jikoni na nyingine kwenye simu, na kila nikiiona niliachanisha meno na kulegeza mabega. Wiki ya kwanza nilijikuta nimekaza karibu kila mara. Jioni nilikanda mashavu kwa kitambaa cha maji ya moto. Miwa na mahindi ya kuchoma niliviacha mpaka maumivu yakatulia, na kwa mtu wa Bungoma hilo si jambo dogo.

Usiku navaa kinga ya plastiki ngumu, iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno yangu. Bei yake si ya kila mtu, najua, na ndiyo maana zile karatasi nyekundu nimezitaja kwanza. Kinga haiponyi kusaga, kazi yake ni kuyakinga meno yasilike. Anayekoroma na kukatika pumzi achunguzwe usingizi wake kwanza, kwani kuna kinga zinazoweza kumzidishia tatizo.

Kila asubuhi naiosha kwa maji baridi na kuielekeza dirishani. Ilikuwa laini kama kioo nilipoipokea. Sasa upande wa kulia una mikwaruzo mirefu, mmoja juu ya mwingine, na karibu na pengo la gego kuna shimo ambalo ncha ya kidole changu kidogo inaingia.