Joto Lililo Chini ya Maji Baridi

Shusha kipimajoto katika Bahari ya Amundsen, magharibi mwa Antaktika. Karibu na uso kitasoma nyuzi 1.8 chini ya sifuri, maji yakikaribia kuganda. Kikifika mita 700 kitapanda hadi nyuzi 1 hivi juu ya sifuri. Maji ya joto yamelala chini ya ya baridi kwa sababu yana chumvi zaidi. Katika bahari za ncha za dunia, chumvi ndiyo huamua maji yapi ni mazito.

Nyuzi moja yaonekana ndogo. Lakini shinikizo la kina hushusha kiwango cha barafu kuyeyuka, kwa hiyo chini kule maji hayo yanazidi kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 3. Hiyo yatosha kula barafu kwa kasi.

Maji haya yanaizunguka Antaktika yote, ila sehemu kubwa ya pwani haifikiwi. Pepo za mashariki huvuma kando ya bara na, kwa kuwa dunia inazunguka, maji ya juu hukengeuka kushoto, yaani kuelekea pwani. Hapo maji baridi hurundikana na kuzama kando ya mteremko wa bara, yakawa ukuta unaoyazuia ya joto. Katika Bahari ya Weddell ukuta huo ni imara. Katika Amundsen ni dhaifu, na sakafu ya bahari ina mabonde marefu yaliyochimbwa na barafuto za kale. Maji ya joto hupita humo mpaka chini ya barafuto za Pine Island na Thwaites. Meli ya utafiti ya Marekani, Nathaniel B. Palmer, iliyapima mbele ya Pine Island mwaka 1994. Kwa kuwa ukuta ndio huamua kama maji hayo yatafika, naona swali la kuulizwa kwanza kuhusu barafu hizi ni hali ya ukuta ule, kabla ya joto la hewa.

Kuupima ni kazi ngumu. Majira ya baridi bahari hufunikwa na barafu na ni vigumu meli kupita, hivyo wanasayansi hubandika vihisi vidogo kwenye vichwa vya sili. Kila sili anapopiga mbizi, kifaa hurekodi joto na chumvi. Akiibuka kupumua, kifaa hutuma vipimo kwa setilaiti, na hatimaye hudondoka sili anapobadili manyoya. Vipimo hivyo vimeonyesha kwamba katika Amundsen tabaka la maji ya joto huwa nene zaidi wakati wa baridi, majira ambayo meli huyaona kwa nadra.