Excel Imesema Umepata Faida? Angalia Kwanza Umetumia Fomula Gani



Vijana wengi mnaofanya kilimo biashara siku hizi mna Excel au Google Sheets kwenye simu. Hilo ni jambo zuri sana. Shida ni kwamba wengi wanaitumia kama daftari tu: wanaandika namba, halafu wanajumlisha pembeni kwa kikokotoo. Wengine wanatumia fomula zilizomo ndani ya programu, ila wanachukua ile ya kwanza wanayoikumbuka. Simu haikosei kujumlisha, lakini pia hailijui shamba lako. Ukiipa fomula isiyofaa, itakupa jibu safi kabisa la swali ambalo hukuuliza.

Programu hizi zina historia. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa VisiCalc, lahajedwali la kwanza kwa kompyuta ndogo. Faida yake ndiyo ileile unayoipata leo: unabadilisha namba moja, na hesabu zote zinazoitegemea zinajibadilisha zenyewe. Bei ikishuka sokoni asubuhi, huna haja ya kuanza upya.

Leo tuangalie sehemu tatu ambazo fomula inagusa mfuko wako moja kwa moja. Kumbuka, kila fomula inaanza na alama ya =. Simu ikikataa mkato kati ya namba, jaribu nukta mkato (;). Inategemea mipangilio ya lugha na nchi kwenye simu yako.

1. Wastani wa bei

Tuseme umeuza matenga 100 ya nyanya kwa mikupuo mitatu. Matenga 20 ya mwanzo kwa shilingi 30,000, matenga 30 kwa 18,000, na 50 ya mwisho kwa 12,000 baada ya soko kujaa. Gharama zako zote ni 1,850,000, yaani 18,500 kwa tenga.

Weka idadi ya matenga kwenye A2 hadi A4 na bei kwenye B2 hadi B4. Ukiandika =AVERAGE(B2:B4) unapata 20,000. Hapo unajiona umepata faida ya 1,500 kwa kila tenga, na unaanza kupanga kuongeza eneo msimu ujao.

Sasa andika hivi: =SUMPRODUCT(A2:A4,B2:B4)/SUM(A2:A4). Jibu ni 17,400. Kumbe umepata hasara ya 1,100 kwa kila tenga, jumla 110,000!

Tofauti inatoka wapi? AVERAGE imezipa bei tatu uzito sawa, kama vile uliuza matenga sawa kila mara. SUMPRODUCT inazidisha kila bei kwa matenga yake, halafu inajumlisha. Nyanya nyingi huwa zinaiva pamoja na za jirani yako, kwa hiyo mzigo mkubwa mara nyingi ndio unaouzwa kwa bei ya chini. Ukipanga msimu ujao kwa AVERAGE, unapanga kwa bei ambayo hukuwahi kuipata.

2. Kununua na kufungasha

Una ekari moja na robo ya mahindi, na umeshauriwa mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia kwa ekari. Unahitaji kilo 62.5. Ukiandika =ROUND(62.5/50,0) unapata 1, kwa sababu ROUND inakwenda kwenye namba nzima iliyo karibu. Ukinunua mfuko mmoja, robo ekari itakosa mbolea. Tumia =ROUNDUP(62.5/50,0) upate 2. Au ukijua kuna duka linalopima kwa kilo, nunua mmoja na uongeze kilo 12.5. Uamuzi ni wako, ila usiachie ROUND ikuamulie.

Kwenye kuuza, geuza. Mfugaji mwenye mayai 1,000 na trei za mayai 30 aandike =ROUNDDOWN(1000/30,0). Anapata trei 33 zilizojaa. Halafu =MOD(1000,30) inampa 10, yaani mayai yanayobaki nje. Hapo hamwahidi mteja trei 34 ambazo hana.

Kanuni rahisi: unachonunua panda juu, unachoahidi kuuza shuka chini.

3. Mkopo

Hapa nawaomba mtulie. Umeambiwa mkopo wa shilingi 3,000,000, miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Maneno hayo hayatoshi. Asilimia 2 ya nini?

Kama riba inatozwa kwenye deni lililobaki tu, andika =PMT(2%,12,-3000000). Rejesho ni karibu 283,680 kwa mwezi, na riba ya mwaka mzima ni kama 404,000. Alama ya kutoa mbele ya mkopo ni ili jibu lisije na alama ya hasi.

Kama riba inatozwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwezi wa mwisho, unalipa riba ya 60,000 kila mwezi. Rejesho linakuwa 310,000 na riba ya mwaka 720,000. Asilimia ileile, lakini tofauti inazidi laki tatu.

Ili ujue riba halisi, chukua rejesho ulilotajiwa na uandike =RATE(12,-310000,3000000). Utapata karibu asilimia 3.5 kwa mwezi, siyo 2. Simu ikikuonyesha 3% tu, ongeza nafasi za desimali.

Na jambo moja PMT haitakuambia: inachukulia kwamba unalipa kila mwisho wa mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza. Nyanya hazilipi hivyo. Tangu kuhamishia miche shambani mpaka kuanza kuvuna ni miezi miwili hadi mitatu, na muda wote huo pesa inatoka tu. Kabla ya kusaini, uliza kama rejesho linaweza kuanza baada ya mavuno. Wakikataa, jiulize rejesho la mwezi wa kwanza na wa pili litatoka wapi. Kama jibu ni "ndani ya mkopo wenyewe," punguza eneo.

Kazi ya wiki hii: chukua mauzo yako ya msimu uliopita, yaweke kwenye jedwali, na ulinganishe AVERAGE na SUMPRODUCT. Kama majibu mawili yanatofautiana sana, bajeti yako ya msimu ujao irekebishe sasa, kabla hujanunua mbegu.

Tukutane makala ijayo. Kazi njema shambani.