Mafuta ya Nazi, Kabla ya Maji

Katika mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Tanja, aliondoka Kilwa kwa bahari akaelekea Dhofari, kusini mwa Bara Arabu, na huko ndiko alikoona vema kuwaeleza wasomaji wake wa Maghribi, ambao mnazi hawakuujua, kwamba mti huo ni mti wa namna gani. Aliueleza kwa urefu. Alisema kuwa nazi yafanana na kichwa cha binadamu, kwa kuwa ina macho mawili na kinywa, na makumbi yake ni mfano wa nywele. Akataja kamba zisokotwazo kwa makumbi hayo na jinsi zilivyotumiwa kushonea vyombo vya baharini. Akasimulia hekaya ya tabibu wa Bara Hindi aliyepanda kokwa ya tende katika kichwa cha waziri aliyeuawa hata ukaota mnazi, kisha mwenyewe akaikanusha kuwa ni uwongo mtupu. Na alipofika katika habari ya mafuta akasema kwamba watu wa Dhofari huwashia taa, huchovyea mkate, na wanawake wao hupaka nywele.

Tangu siku hizo zimepita karibu karne saba. Taa za mafuta zimezimwa na umeme, na mkate umepata vitoweo vingine, lakini mafuta ya nazi hayajatoka kichwani mwa mwanamke wa pwani, tangu Lamu hata Kilwa, tangu Pemba hata Mafia na Ngazija, wala hayajatoka kichwani mwa jirani zetu wa Malabari ng'ambo ya bahari. Jambo lililodumu muda wote huo lastahili kuulizwa kwa adabu: je, ni mazoea tu yaliyorithiwa, au mafuta haya yana kazi ambayo mafuta mengine hayaiwezi? Jawabu ni kwamba yana kazi, na kazi yenyewe ni kubwa, ila siyo ile ambayo wengi wetu huyanunulia.

Mafuta haya hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni njia ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa juani au kwa moto hata ikabakiwa na maji machache, kisha ikakamuliwa kiwandani. Mbata njema huwa na mafuta kadiri ya sehemu 60 hadi 65 katika kila 100, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo bidhaa ya pili ya Unguja na Pemba baada ya karafuu. Njia ya pili ni ya jikoni, nayo ndiyo itoayo mafuta ambayo mabibi zetu huyaamini.

Huchaguliwa nazi zilizokomaa, zile ambazo zikitikiswa husikika maji ndani, zikavunjwa na kukunwa kwa mbuzi. Na mkunaji mwema hupunguza mkono akikaribia kifuu, asije akakwangua ile ngozi ya kahawia ambayo hutia mafuta rangi. Nazi iliyokunwa humiminiwa maji ya uvuguvugu, ikafinyangwa, ikatiwa katika kifumbu na kukamuliwa hata chicha ikabaki nyepesi isiyo na utamu. Tui likilazwa usiku kucha hujitenga lenyewe, utando mzito mweupe ukakaa juu na maji yakashuka chini, na asubuhi utando huo huenguliwa ukatiwa sufuriani juu ya moto mdogo. Hapo ndipo subira inapohitajiwa. Tui hutokota kwa kelele, likakatika, likafanya madonge. Madonge yakageuka rangi, kwanza manjano kisha kahawia, huku mafuta maangavu yakijitokeza pembeni. Mpishi hodari husikiliza zaidi ya kutazama, kwa maana maadamu sufuria ingali inatatarika, maji yamo, na kelele inapofifia maji yamekwisha. Akichelewa hapo japo kitambo kidogo, madonge huungua na mafuta yakashika harufu ya moshi isiyotoka tena. Akiwahi, huepua, akaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa safi, akayatia katika chupa iliyokauka kabisa, kwa kuwa tone la maji likibakia ndani huyaharibu upesi. Nazi kumi kubwa, kwa kazi yote hiyo, aghalabu hazijazi chupa ya lita moja. Anayelalamikia bei ya mafuta ya nazi halisi na akune mwenyewe siku moja.

Sasa tuutazame unywele. Sehemu yake iliyotoka nje ya ngozi haina uhai: haina damu, haina mshipa, wala hailishwi na kitu chochote kipakwacho juu yake. Kiini chake ni protini iitwayo keratini, na kiini hicho kimefunikwa na vigamba vyembamba mno vilivyopandana, vyote vikielekea nchani, kama makuti juu ya paa. Vikilala vizuri, unywele huteleza, hung'aa na kushika unyevu wake. Vikiinuka au kubanduka, kiini huwa wazi, na hapo huanza kule kukatika ambako mtu hukuona katika meno ya kitana.

Adui mkubwa wa vigamba hivyo, ajabu ya mambo, ni maji. Unywele ukilowa hunyonya maji ukavimba, vigamba vikainuka, ukikauka hunywea, na kuvimba na kunywea huko kukirudiwa juma baada ya juma, hasa kukiandamana na sabuni kali na kitana chenye meno membamba, hulegeza unywele na kupunguza protini yake kidogo kidogo. Nywele za Kiafrika zina taabu zaidi katika jambo hili, kwa sababu zimejikunja. Mafuta ya asili yatokayo katika ngozi ya kichwa hushuka kwa wepesi juu ya unywele ulionyooka, lakini katika unywele uliojisokota hukwama karibu na shina, nchani kukabaki kukavu. Na kila mkunjo ni mahali dhaifu ambapo unywele waweza kuvunjika.

Mafuta mengi yapakwayo hukaa juu juu. Yanang'arisha, yanalainisha, yanazuia msuguano, na hayo si haba, lakini hayaingii. Mafuta ya nazi huingia. Karibu nusu yake ni asidi iitwayo lauriki, ambayo chembe zake ni fupi na zimenyooka, hivyo hupenya kati ya vigamba na kufika katika kiini, na yakiisha kufika huko huyapunguzia maji nafasi ya kuingia. Katika mwaka 2001, wataalamu waliokuwa na maabara yao Princeton, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, walionyesha kwa ala za kupimia chembe kwamba mafuta ya nazi yalikuwamo ndani ya unywele, ilhali mafuta ya madini, yale yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, hayakuingia. Miaka miwili baadaye Aarti Rele na R. B. Mohile wa Mumbai walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, wakapima protini iliyopotea katika nywele zilizooshwa na kuchanwa, wakakuta kwamba ni ya nazi pekee yaliyopunguza hasara hiyo kwa kiasi kikubwa, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake, katika nywele nzima na katika zilizokwisha kuharibika. Haki ya msomaji ni kuambiwa pia kwamba Rele na Mohile walikuwa wanakemia wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, na kwamba katika kazi ile ya Princeton walikuwamo vilevile. Haifuati kwamba walisema uwongo. Yafuata tu kwamba tuyashike maneno yao kwa kadiri yalivyosema, tusiyaongezee chumvi wao wasiyoitia.

Na walichosema kinaafikiana na desturi ya zamani ambayo wengi wameigeuza kichwa chini. Siku hizi mtu huosha nywele kwanza, akazikausha, kisha akajimiminia mafuta ili zing'ae. Mafuta ya nazi yafaa zaidi yakitangulia maji, kwa maana kazi yake ni kukaa ndani ya unywele kabla maji hayajawahi. Kijiko kimoja au viwili, kwa kadiri ya wingi wa nywele, huyeyushwa viganjani na kupitishwa fungu kwa fungu, zaidi katikati na nchani ambako ndiko kuliko na ukavu, na kidogo tu katika ngozi. Kisha nywele hufungwa kitambaa kwa saa chache, au usiku kucha kwa asiyechukia kulala na kilemba. Ndipo zikaoshwa kwa sabuni laini na kuchanwa kwa kitana chenye meno mapana, kuanzia nchani kwenda juu. Baada ya kuosha, matone machache yatosha. Kumimina mafuta kila asubuhi hata yakachuruzika kipajini hakuongezi faida, bali hukusanya vumbi, huchafua kola, na kwa wenye ngozi nyepesi kuziba huleta chunusi.

Nimesema kuwa kazi hiyo siyo ile ambayo wengi huyanunulia. Wengi huyanunua ili nywele ziote. Hasha, mafuta ya nazi hayaoteshi nywele. Nywele huota kutoka katika mashina yaliyo chini ya ngozi, takriban sentimita 1 kwa mwezi, apakaye na asiyepaka. Ila asiyepaka huenda zikamkatika nchani kwa kasi ileile ziotayo shinani, akadhani kwamba zimesimama, na apakaye huzihifadhi zile zilizokwisha kuota, urefu ukaonekana. Kuna dhana nyingine inayowapata wanawake wengi. Mzazi hupukutikiwa na nywele miezi mitatu au minne baada ya kujifungua, akaingiwa na hofu, akaletewa chupa na shangazi au jirani, akapaka kwa bidii, na baada ya miezi kadhaa nywele zikarudi. Chupa husifiwa mtaa mzima. Lakini nywele hizo zingerudi zenyewe, kwa kuwa kupukutika huko ni mabadiliko ya mwili baada ya uzazi, nako hupita bila dawa.

Wala mafuta hayafuti madhara ya msuko uliobanwa mno. Nywele za panda la uso zikivutwa mwaka baada ya mwaka, mashina yake hufa, na yaliyokufa hayafufuliwi na nazi wala na kitu kingine cha dukani. Dawa ni kumwambia msusi alegeze, na kumwambia mapema. Mba nao si ukavu tu kama wengi wanavyodhani, bali mara nyingi huandamana na namna ya kuvu waishio katika ngozi ya kichwa na kujilisha mafuta yaliyomo, hivyo mwenye mba mwingi akizidi kupaka ngozini huenda akawapa karamu. Mtoto mwenye mapunye hana budi kupelekwa kwa tabibu, apewe vidonge vya kumeza kwa majuma kadhaa. Kumpaka mafuta ya kopo moja na ndugu zake na kuwachana kwa kitana kimoja ni kuwagawia ugonjwa wote nyumbani.

Katika mafuta ya kokwa nyinginezo nitapita upesi. Mafuta ya shea, ambayo Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda huyaita moo yaa, ni mazito na hufunika unywele vizuri, nayo yafaa baada ya kuosha kwa mwenye nywele kavu. Ya makadamia, tunda linalolimwa sana katika Kenya ya kati, ni mepesi na ya ghali. Ya karanga hayana ubaya, ila asiyaguse ambaye karanga humdhuru. Jambo moja halipitiki upesi: mafuta ya ganda la korosho si ya kujipaka. Wabanguaji wa Mtwara na Lindi wanayajua; huunguza ngozi na kuitoa malengelenge, na atakayemwambia mtu ayatie kichwani amemdanganya vibaya.

Mwisho, habari ya kununua. Chupa nyingi zenye picha ya mnazi zina mafuta ya madini yaliyotiwa manukato ya nazi, nayo ndiyo yaleyale ambayo Princeton yalikutwa hayaingii. Kwa hiyo soma maandishi madogo ya nyuma kabla ya kuitazama picha ya mbele. Mafuta halisi huganda yanapopoa chini ya nyuzi 24 hivi, yakawa meupe kama samli. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi, Iringa au Lushoto atayaona yameganda katika miezi ya baridi asidhani kuwa yameharibika, na mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam atayatia katika jokofu kwa saa chache ayajaribu. Yasiyoganda hata kidogo, si ya nazi. Yenye harufu chachu yamekwisha muda wake, yasitiwe nyweleni. Nusu lita ya yaliyo safi, kwa kijiko kimoja kila juma kabla ya kuosha, humtosha mtu mmoja kwa zaidi ya miezi 6. Na kama fedha ni ya kununua chupa ya pili, na inunue kitana chenye meno mapana.