Fungu la Afya ya Akili Katika Shule za Kenya

Tangu mwaka 2001, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikitwishwa fimbo, kwa ubaya wake wote, ilihamishiwa kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Naye, ambaye aghalabu ni mwalimu wa Historia au Bayolojia aliyeongezewa dhamana hii bila ya kupunguziwa vipindi, akatarajiwa aisikie simanzi isiyosemwa na amrejeshe darasani mtoto ambaye nafsi yake imeelemewa. Simlaumu mwalimu huyo hata kidogo. Ila ya kadhia hii, kwa rai yangu, imo katika hazina ya serikali, wala haimo katika moyo wake.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana maradhi ya akili, yaani watoto sita hivi katika darasa la wanafunzi 45. Tuchukue mathalan msichana wa sekondari aliyepotewa na usingizi, asiyetamani chakula, na ambaye alama zake zimeporomoka kwa muhula mmoja. Akienda kutaka nasaha, katika shule nyingi hatakuta chumba cha faragha. Atakalishwa pembeni mwa ofisi ya walimu, huku wengine wakisahihisha madaftari hatua chache kutoka alipo, naye kwa haya atasema kwamba tumbo lamuuma. Atapewa panadoli, arudi darasani, na sonona yake arudi nayo.

Na hata mwalimu akitambua kwamba hapo pana haja ya tabibu, atakabiliwa na mpaka uliowekwa na Katiba ya mwaka 2010, ambayo iliziacha shule za msingi na za sekondari mikononi mwa serikali kuu, ilhali hospitali nyingi zikakabidhiwa serikali za kaunti. Shule na hospitali huenda zikatazamana ng'ambo mbili za barabara moja, lakini mifuko yao ni mbalimbali; na nauli, ada ya kumwona daktari na dawa humwangukia mzazi, ambaye pengine hajui hata kwamba mwanawe anaumwa.

Kiwango cha ruzuku kilichowekwa kwa mwanafunzi wa sekondari ya umma ni shilingi 22,244 kwa mwaka, nazo mara nyingi hufika zikiwa pungufu na zimechelewa. Katika mafungu yake hamna lililotajwa kwa jina la ushauri nasaha. Kuanzia mwaka 2018 shilingi 1,350 zilitengwa humo kwa bima ya EduAfya, ambayo ilikuwa walau mlango wa kumfikishia mwanafunzi tiba; bima hiyo ilikoma mwaka 2023, na mlango ukafungwa.

Wako wanaodai kwamba huduma ya ushauri nasaha shuleni ni anasa ya mataifa tajiri. Utafiti wa mpango wa Shamiri, uliochapishwa mwaka 2021 na kuwahusisha wanafunzi 413 wa sekondari nchini Kenya, unawajibu: vijana waliomaliza shule, wenye umri wa miaka 18 hadi 22, walipewa mafunzo mafupi, kisha wakaongoza vikao vinne vya saa moja moja, kimoja kila wiki, juu ya shukurani, maadili ya mtu binafsi na imani kwamba binadamu aweza kubadilika, na dalili za sonona na wasiwasi zikapungua zaidi kwa wanafunzi waliohudhuria vikao hivyo kuliko kwa wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma. Hapa pana tumaini kubwa. Hata hivyo vijana hao wahitaji posho, wahitaji msimamizi mwenye ujuzi, na mtoto mwenye fikira za kujidhuru hahitaji kikao cha shukurani bali daktari, tena upesi. Jambo la gharama ndogo si jambo la bure.

Bunge na litenge, ndani ya ruzuku, fungu lisilohamishika la ushauri nasaha, na kila kaunti iandikiane mkataba na shule zake ili mwanafunzi apokewe hospitalini bila ya kutozwa. Nanyi wazazi mlio katika bodi za shule, mkutano ujao ulizeni mambo mawili: mwalimu wa ushauri ana vipindi vingapi kwa wiki, na chumba chake ki wapi.